Kuomba kwa Kiingereza hakufundishwi kwa kalamu

Kila mwaka watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huketi kufanya karatasi ya kwanza ya Kiingereza, yenye alama 60. Nusu ya alama hizo, 30 kamili, ni za stadi za kuzungumza. Mtahiniwa huulizwa jinsi ya kuomba ruhusa au jinsi ya kumkatiza mzungumzaji bila kumuudhi, au hupewa mazungumzo ya simu yenye mapengo ayajaze. Yote huyajibu kwa kalamu, kimya, msimamizi akipita katikati ya madawati. Hakuna anayefungua mdomo. Mwanafunzi wa Eldoret anaweza kuzoa alama zote 30 bila kusikika hata mara moja akimwomba mtu kitu kwa Kiingereza. Miaka michache baadaye anasimama mbele ya mgonjwa, mteja, kocha au mwajiri ambaye hatauona mwandiko wake, atasikia sauti yake tu.

Hapo ndipo huzuka lawama ambayo vijana wa jiji hili wamebandikwa bila haki: kwamba wakizungumza Kiingereza huwa wakali, huamrisha, hawajui kuomba. Lawama hiyo haifai kubebeshwa wazazi wao. Ni ya ufundishaji, na inaweza kurekebishwa.

Eldoret inahitaji marekebisho hayo kuliko miji mingi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hospitali ya rufaa ya kitaifa ya pili baada ya Kenyatta, imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani kwa zaidi ya miaka 30, na ushirikiano huo ndio uliozaa mpango wa AMPATH wa kupambana na Ukimwi mwaka 2001. Wodini humo daktari mgeni na muuguzi aliyesomea hapa hapa husimama pande mbili za kitanda kimoja, na lugha inayowaunganisha ni Kiingereza. Panda matatu hadi Iten, nako utakutana na vijana wanaowaandikia makocha wa vyuo vya Marekani kutafuta nafasi ya kusoma na kukimbia. Njia hiyo ni ya zamani. Henry Rono, Mnandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Kasi ya kijana hupimwa kwa saa, lakini kabla ya saa kuna barua, na barua inayoanza kwa "I want a scholarship" inaweza kufungwa kabla kocha hajafika kwenye muda wake wa mita 5,000.

Kijana huyo hakukusudia ubishi. Aliandika alichozoea kusema: nataka. Katika maduka ya bara la Kenya "nataka mkate" ni kauli ya kawaida kabisa, na muuzaji huufunga mkate huo bila kukunja uso. Ukihamisha kauli hiyo neno kwa neno, sikio la Mwingereza au Mmarekani linasikia madai ya mtoto mdogo.

Sikiliza namna watu wa Eldoret wanavyoombana. Kwenye hoteli ya chai karibu na Uganda Road: "Madam, leta chai mbili na chapati mbili." Ndani ya matatu ya mtaa wa Langas: "Dere, nishukishe hapo mbele." Kwa abiria aliye dirishani: "Mzazi, songa kidogo tukae." Kwenye foleni ya benki: "Sista, nisaidie na kalamu." Kwa sarufi tupu, zote nne ni amri. Hakuna hata moja iliyomchoma mtu, kwa sababu heshima imeshawekwa mahali pengine. Imo katika kumwita mtu mzazi au sista. Imo katika "kidogo", neno linalopunguza uzito wa ombi hata kama nafasi inayotakiwa ni nusu ya kiti. Imo katika salamu iliyotangulia, maana anayeanza kwa haja yake kabla ya kumjulia mwenzake hali ndiye anayehesabiwa kuwa mkosa adabu, hata akitamka tafadhali mara tatu. Imo pia ndani ya kitenzi chenyewe: mtu akisema "nishikie" badala ya "shika", tayari amejionyesha kuwa ndiye anayefanyiwa hisani.

Hata ndani ya Kiswahili desturi hazilingani. Mnunuzi wa Dar es Salaam husema "naomba chai, dada" kwa kitu atakachokilipia. Akifika Eldoret na kusikia "leta chai", hushtuka. Mkenya naye akienda huko hujiuliza kwa nini mtu aombe kitu alicho na pesa yake. Wote wawili wana adabu zao, na Watanzania wengi wametoka safarini Kenya na hadithi za ukali ambao Wakenya hawakujua kwamba wameuonyesha. Ikiwa majirani wa lugha moja wanaweza kusikiana vibaya hivyo, haishangazi kwamba Kiingereza kinaleta mashaka makubwa zaidi.

Historia nayo ina mkono wake, hasa katika sehemu hii. Makaburu walioongozwa na van Rensburg walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na mji ukaota kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi ya wenyeji. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Kwa nusu karne Kiswahili kilichosikika sana kutoka kinywani mwa mwenye shamba kilikuwa cha lete, peleka, ngoja, toka. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na jina refu la kitabu hicho liliwataja waliokusudiwa: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao, pamoja na yeyote mwenye shughuli na wenyeji bila mkalimani. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba masikio ya bara yalikomaa kwa miaka hiyo. Watu walizoea amri tupu, wakaijaza adabu yao wenyewe kwa salamu, kwa majina ya undugu na kwa sauti, wakaifanya iwe yao. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Shida ni kwamba adabu hiyo haivuki nao wanapohamia Kiingereza, kwa kuwa mlango wake huko uko upande mwingine.

Kiingereza hakina shikamoo. Muuzaji haitwi dada. Zamani kilikuwa na "thou" kwa mtu wa karibu na "you" kwa mkubwa au kwa wengi, lakini "thou" ilikwisha kutoka katika mazungumzo ya kawaida karne nyingi zilizopita, na tangu hapo rais na mtoto wa chekechea wanaitwa "you" hiyo hiyo. Mzigo wa heshima ukalazimika kubebwa na umbo la sentensi. Kwa hiyo Mwingereza anayetaka dirisha lifungwe huuliza swali: je, unaweza, au je, ungejali. Hurudisha kitenzi katika wakati uliopita ingawa jambo ni la sasa, "could" badala ya "can", "I was wondering" badala ya "I wonder", ili haja yake ionekane iko mbali na mtu apate nafasi ya kuikwepa. Mwanafalsafa wa Marekani John Searle aliandika mwaka 1975 kuhusu anayeuliza mezani kama mwenzake anaweza kumpitishia chumvi. Hakuna anayejibu ndiyo kisha akaendelea kula. Kila mtu anajua kwamba swali lile ni ombi.

Shule zetu zimefupisha yote hayo kuwa neno moja, "please". Mtoto hufundishwa kulibandika mbele ya amri, na mwalimu huridhika. Lakini "Please sit down" ni kauli ya mwalimu kwa darasa lenye kelele. Neno lile halijaigeuza amri kuwa ombi, limeipaka rangi tu. "Kindly" nayo imetawala ofisi zetu, matangazo yetu na jumbe za simu: kindly lipa, kindly tuma, kindly ngoja. Kati ya Mkenya na Mkenya inafanya kazi vizuri na hakuna sababu ya kuiacha. Msomaji wa London anaweza kuisikia kama sauti ya mtu aliyechoka kuvumilia.

Jambo ambalo halifundishwi kabisa ni kwamba ombi hukua na kupungua kulingana na mzigo wake. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti wao uliotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987, walitaja mizani tatu: umbali uliopo kati ya wazungumzaji, nani ana uwezo juu ya mwingine, na ukubwa wa kinachoombwa. Lugha tatu walizozichambua kwa kina zilikuwa Kiingereza, Kitamil cha kusini mwa India na Kitzeltal cha Mexico, hakuna hata moja ya Afrika. Hata hivyo mama yeyote wa mtaa wa Huruma hapa Eldoret anazijua mizani hizo. Hamwombi jirani kiberiti kwa maneno yale yale anayomwombea mkopo wa karo. Kwa kiberiti atapaza sauti kutoka mlangoni. Kwa karo atakwenda jioni, atakaa, atauliza habari za watoto, atasifu chai, na ombi litatoka mwisho likiwa limezungushwa. Mwanafunzi anayeshuhudia hayo nyumbani ana kila kitu anachohitaji ili aelewe kwa nini kalamu huombwa kwa "Can I borrow your pen?" na barua ya mapendekezo kutoka kwa profesa huombwa kwa sentensi ndefu yenye "would" na njia ya kumruhusu akatae. Mwalimu akianzia kwa kiberiti na karo, somo limeshaeleweka nusu.

Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo halizungumzwi. Baadhi ya walimu wakishagundua kwamba amri ni hatari huwaambia wanafunzi waikimbie kabisa. Kiingereza hakiikimbii. Mgeni mlangoni huambiwa "Come in", mezani "Have some more", akiondoka "Take care". Hizo ni amri tupu, na ni za upole, kwa kuwa anayefaidika ni anayeambiwa. Ni sawa na karibu, kaa, kula. Mwenyeji anayemuuliza mgeni kama angeweza tafadhali kula atamfanya asite na kijiko mkononi. Maelekezo ya njia ni amri, mapishi ni amri, na hakuna aliyewahi kukasirikia kitabu cha mapishi kwa kumwambia akatekate kitunguu. Kinachomfaa mwanafunzi ni swali moja la kujiuliza: nani anabeba mzigo hapa, mimi au yeye?

Rudi wodini. Chukua mfano wa muuguzi anayemwambia daktari mgeni, "Daktari, bring me that file." Kwake, "Daktari" lile limebeba heshima yote, maana kichwani mwake amesema "Daktari, niletee faili hilo." Mgeni husikia ameamrishwa mbele ya mgonjwa. Sasa geuza. Daktari yule naye anasema, "Do you want to check her pressure again?" Kwa Mmarekani hilo ni agizo lililofunikwa. Muuguzi anasikia swali kuhusu anachokitaka, na kwa kuwa amepima shinikizo muda mfupi uliopita, anajibu kwa uaminifu kwamba hapana. Hapo hakuna aliyekosa sarufi wala aliyekosa heshima, na mgonjwa amebaki bila kupimwa tena.

Mwanaisimu Jenny Thomas aliliweka wazi jambo hili mwaka 1983. Mgeni akikosea sarufi, alisema, wenye lugha humwona kuwa bado anajifunza. Akikosea jinsi ya kuomba, hasa kama sarufi yake ni nzuri, hawamwoni mwanafunzi tena, wanamwona mtu mbaya. Hiyo ndiyo hatari hasa kwa vijana wa Kenya, ambao huanza Kiingereza wakiwa wadogo na kukizungumza kwa ufasaha. Anayebabaika husamehewa. Msichana wa mtaa wetu wa Kapsoya mwenye Kiingereza kilichonyooka hasamehewi.

Gharama yake tumeiona. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Februari 2022 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliwaeleza Wakenya kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Nchi ilishangaa, kwa sababu watu hao walikuwa wamesoma karibu kila somo kwa Kiingereza. Mitihani ya namna hiyo hupima mengi, kusoma na kuandika pia, na haitakuwa haki kusema wote waliangushwa na "could". Ila mmoja wa mitihani inayokubaliwa na baraza la wauguzi la Uingereza, OET, humketisha mtahiniwa na mtu anayeigiza mgonjwa na kumpima, pamoja na matamshi na sarufi, jinsi anavyoanzisha mazungumzo na anavyoonyesha heshima. Mgonjwa huyo wa kuigiza hataki kuambiwa "Turn". Anatarajia kuulizwa kama angeweza kugeuka upande, kwa ajili ya muuguzi, "for me". Na hilo "for me" ni ndugu wa "nishikie" ambayo muuguzi wetu huitumia kila siku kwa Kiswahili. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ni kitu kile kile.

Hata hivyo upole una mahali pake pa kukoma, na somo zuri litafundisha hilo pia. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Rubani msaidizi, aliyeshika redio, aliomba kipaumbele na kutaja kwamba mafuta yanapungua, lakini hakutamka neno la dharura ambalo lingewafanya waongoza ndege wafungue njia mara moja. Ndege ilianguka kwenye kilima cha Cove Neck, kisiwani Long Island, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Wachunguzi walikuwa na makosa mengi ya kuorodhesha, na moja lilikuwa hilo la kusema jambo la kufa na kupona kwa sauti ya ombi la kawaida. Katika chumba cha upasuaji pia daktari husema jina la kifaa tu, na mkono hukileta. Anayesita kwa kuogopa kuonekana mkali anapoteza sekunde ambazo mgonjwa hana.

Wapo watakaouliza kwa nini Mkenya ajikunje kufuata desturi za Waingereza miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru. Swali hilo ni la haki. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kiingereza cha Kenya kina mwendo wake, na wanaokizungumza humu nchini hawahitaji kuomba radhi kwa "kindly" yao. Lakini mtu huchagua pale tu anapojua njia zote mbili. Wageni wanaofika Eldoret kufanya kazi nao wanapaswa kufundishwa kabla ya kuingia wodini kwamba "Daktari, bring me that file" ni kauli yenye heshima, kama vile wanavyofundishwa kusalimia kabla ya kuuliza dalili. Mzigo wa kusikilizana ukibebwa na upande mmoja tu, hilo litakuwa shamba nambari 64 kwa jina jingine.

Wakati wa kubadilisha ufundishaji ni huu. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mara ya mwisho mwaka 2027. Mtaala unaochukua nafasi yake umetenga kusikiliza na kuzungumza kuwa sehemu kamili ya somo la lugha. Baraza la Mitihani la Kitaifa halina kisingizio cha kutojua njia, maana watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani katika KCSE wana karatasi ya mdomo ambamo mtahiniwa huketi na mtahini na kuzungumza. Itasemwa kwamba wale ni wachache na wa Kiingereza wanakaribia milioni moja. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hiyo ifanywe na walimu shuleni mwaka mzima, kupitia tathmini za shule ambazo mtaala mpya tayari unazitaka, badala ya siku moja ya mtihani.

Vyuo vya Eldoret vinaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Kuna Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses, Chuo Kikuu cha Eldoret, kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, inayofunza wauguzi, na hospitali iliyojaa watu wanaozungumza Kiingereza cha nchi mbalimbali. Nusu saa kwa wiki inatosha kwa kuanzia: mwanafunzi mmoja aombe kitu kile kile, tuseme kubadilishiwa zamu, kwanza kwa mwenzake, kisha kwa msimamizi wa wodi, kisha kwa simu kwa mtu asiyemjua, wenzake wakisikiliza na kusema ni wapi walijisikia wameombwa na wapi wameamrishwa. Daktari mgeni akae kwenye duara hilo hilo, naye aombe zamu yake kwa Kiswahili, apimwe na wanafunzi.